Ati nyanya zetu walizaa bila dawa ya uchungu?

Mwaka jana dada yangu alishikwa na uchungu saa nane usiku. Tukamkimbiza hospitali, na katikati ya kulia akauliza kama kuna kitu cha kupunguza maumivu. Nesi akamjibu, "Vumilia mama, nyanya zetu walizaa bila hayo madawa." Mimi nilikuwa kwa korido nasikia kila kitu. Nikanyamaza, manze, kwa sababu sikuwa na jibu.

Sasa ninalo. Limetoka hapo Uganda, mwaka wa 1879.

Kulikuwa na jamaa anaitwa Robert Felkin, mwanafunzi wa udaktari kutoka Edinburgh, Uskoti, aliyekuja huku na wamishenari waliotumwa Buganda. Hakuwa amemaliza masomo, kwa hivyo mnaonicheka kwa kuacha chuo, tulieni.

Edinburgh haikuwa mji wa hivi hivi. Novemba 1847 daktari wa huko, James Young Simpson, alinusa kloroformu na marafiki zake baada ya chakula cha jioni, wote wakaanguka chini. Siku chache baadaye akampa mama aliyekuwa anajifungua. Kelele zikaanza, kwamba ni hatari, kwamba uchungu ni kazi ya maumbile. Mwaka wa 1853 Malkia Victoria akaivuta akimzaa Leopold, na baada ya hapo nani angembishia malkia?

Basi kijana wa mji huo anafika Kahura, kule Bunyoro, na anaona mama wa miaka kama ishirini, mimba ya kwanza, amelazwa kwa kitanda kilichoinama. Amepewa pombe ya ndizi mpaka amelewa nusu. Amefungwa kifuani na mapajani kwa kitambaa cha gome la mti, mtu mmoja ameshika miguu, mwingine ameshika tumbo. Mpasuaji ananawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, halafu maji, na tumbo la mama analiosha vivyo hivyo. Anapiga ukelele, watu walio nje wanaitikia, na kisu kinashuka chini ya kitovu. Mara moja.

Palipovuja damu pakachomwa na chuma cha moto. Mtoto akatolewa. Kizazi kikakandwa mpaka kikajikaza. Kidonda kikafungwa na pini saba za chuma zilizong'arishwa, zikazungushiwa uzi wa gome, juu yake mizizi iliyotafunwa na jani la mgomba lililopashwa moto. Felkin anasema mama hakulia hata kidogo hadi wakati wa zile pini. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona, na mtoto yuko hai. Wakati huo Ulaya, mama akipasuliwa hivyo, wengi walikuwa wanazikwa.

Najua mtandaoni hii stori hupigwa chumvi. Pombe si ganzi, wasee. Yule mama alifungwa kamba, na hakuna mahali imeandikwa kwamba aliulizwa chochote. Tena tunategemea macho ya mtu mmoja tu. Lakini ukisoma jinsi kila mtu alijua pa kusimama, unaona hawakuwa wanabahatisha. Na kabla ya kisu kushikwa, kuna mtu alikuwa ameshafikiria maumivu ya huyo mama na kuyatafutia kitu. Kilikuwa kidogo, lakini ndicho walichokuwa nacho.

Kwa hivyo ile "nyanya zetu walivumilia" inatoka wapi? Mimi naona ni njia ya mkato ya kusema hatuna dawa, ama hatuna muda, ama wewe huna pesa. Sindano ya ganzi ya mgongoni iko hapa Nairobi kwa anayeweza kuilipia. Semeni hivyo basi. Msiwasingizie wazee. Halafu hata lugha yetu inajua: kuzaa tunakuita kushikwa na uchungu, neno lile lile la msiba na la dawa chungu. Hakuna aliyewahi kudhani ni jambo dogo.

Felkin alirudi, na mwaka wa 1884 akayachapisha hayo yote katika jarida la madaktari la Edinburgh. Alihesabu pini. Alipima joto la mwili. Aliandika siku ambazo pini zilitolewa, na kwamba mtoto alianza kunyonya baada ya saa mbili.

Nilimsomea dada yangu hii stori yote akiwa ananyonyesha. Hakusema kitu kuhusu pombe wala kisu. Aliuliza tu, "Na huyo mama alikuwa anaitwa nani?"

Nikarudi kutafuta. Jina lake halipo, na la mpasuaji pia halipo.