Mwanga na Tope: Kamera ya Kwanza ya Mzamiaji na Maji ya Uluguru

Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Majuma machache baadaye Henry Morton Stanley, akirejea pwani baada ya kuonana na David Livingstone, alipita chini ya milima ya Uluguru. Huko aliukuta mji wa Simbamwene, ambao mwaka mmoja kabla aliuona una kuta na minara, umebomolewa na mafuriko ya mto Ngerengere. Mji huo, ulioasisiwa na Kisabengo na kurithiwa na binti yake, ndio mzizi wa Morogoro ya leo. Maji yaliyoubomoa hayakuishia hapo. Ngerengere humwaga maji yake katika Ruvu, mto ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Kingani, na Ruvu huingia baharini jirani na Bagamoyo, mkabala na Unguja. Kisiwa na mlima, vinavyodhaniwa kuwa mbali, vilikuwa vinakunywa msiba mmoja.

Huenda msomaji akashangaa kuona habari hiyo ikitangulia maelezo ya kuchagua kamera ya digitali ya kuzamia. Lakini kamera hiyo, tofauti na ile ya nchi kavu, haipigi picha ya kitu peke yake. Hupiga kwanza picha ya maji yaliyo kati ya lenzi na kitu, na maji yana nasaba yake. Anayezamia upande wa bara wa mkondo wa Unguja wakati wa masika huenda akaona mbele ya macho yake udongo ulioanza safari katika konde la Matombo au Mgeta. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si bei, wala si idadi ya megapikseli. Swali ni hili: ni maji gani?

Historia ya chombo chenyewe inathibitisha jambo hilo. Mwaka 1893, huko Banyuls-sur-Mer katika pwani ya kusini ya Ufaransa, mwanabiolojia Louis Boutan alizama na kamera iliyotengenezwa kwa msaada wa nduguye Auguste. Jiwe la kwanza alilojikwaa halikuwa lenzi, bali mwanga. Chini ya maji mchana hugeuka machweo, na baadhi ya picha zake zilimlazimu kungoja hata nusu saa. Ndipo ikabuniwa taa ya magnesi ya kuteremshwa chini. Mwaka 1926, katika bahari ya Florida, William Longley na Charles Martin walipiga picha ya rangi ya samaki kwa kulipua unga wa magnesi juu ya chelezo kilichoelea usoni mwa maji. Walioanzisha fani hii walihangaikia taa kabla ya kuhangaikia uzuri wa kioo.

Kisha zikaja kamera za mkononi. Mhandisi Mbelgiji Jean de Wouters, akishirikiana na Jacques-Yves Cousteau, alibuni kamera ya Calypso, iliyoanza kuuzwa mwaka 1960. Kampuni ya Nikon ya Japani iliichukua, na mwaka 1963 ikatoa Nikonos, jina lililotawala kina cha bahari kwa takriban miaka 40. Nikonos haikuhitaji kasha, kwa kuwa mwili wake wenyewe ulizuia maji. Lakini ilikuwa na ukali wake. Filamu ilikuwa na picha 36 tu, na mzamiaji hakuweza kuibadilisha mpaka apande juu. Umbali aliukadiria kwa macho, ilhali maji hulidanganya jicho: kitu huonekana kimekaribia kwa robo ya umbali wake na kukua kwa theluthi. Makosa yake aliyaona baada ya siku kadhaa, filamu iliposafishwa, wakati samaki na mkondo vimekwisha kupita.

Nikon iliacha kutengeneza Nikonos mwaka 2001, wakati kamera za digitali zilipokuwa zikienea. Kamera hizo, zilizotokana na majaribio kama yale ya Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975, zilileta chini ya maji fadhila moja kubwa kuliko zote: mzamiaji huliona kosa lake palepale. Kadi hubeba mamia ya picha, na kioo cha nyuma humwonyesha kama picha imejaa kiza au imeungua kwa mwanga. Shule iliyochukua miaka kwa filamu sasa huchukua mbizi chache. Hata hivyo wepesi huo ulizaa dhana mbaya, kwamba chombo chenye tarakimu kubwa ndicho bora. Wahenga walikwisha kunena: mchagua jembe si mkulima.

Yafaa basi kuyatazama matendo matatu ya maji. La kwanza ni uzito. Kila mita 10 za kina huongeza kanieneo sawa na la hewa yote iliyo juu ya uso wa dunia. Kamera ndogo inayotangazwa kwamba haipitishi maji hadi mita 10 au 15 humfaa mwogeleaji na anayeelea kwa miwani, wala haimfai mzamiaji wa mitungi anayeteremka mita 18 au 30. Huyo anahitaji kasha lililotengenezwa mahsusi kwa aina ya kamera yake. Kasha hilo hutegemea pete nyembamba ya mpira, na uzi mmoja wa nywele au chembe ya mchanga juu ya pete yatosha kuizamisha mali yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya mbizi ya kwanza, kasha huteremshwa tupu, bila kamera, likahakikiwa kwamba ni kavu. Baada ya kila mbizi huloweshwa katika maji baridi yasiyo na chumvi kabla halijafunguliwa.

Tendo la pili ni wizi wa rangi. Maji humeza wekundu kwanza, na katika mita chache tu nyekundu hugeuka kahawia, kisha hufa katika samawati. Kwa hiyo kamera ya kwanza sharti imruhusu mwenyewe kuiambia nyeupe ni ipi katika kina alichopo, kwa kuielekeza kwenye kibao cheupe au hata kwenye mchanga. Ikiweza pia kuhifadhi picha ghafi, ambayo haijapikwa na mashine, rangi nyingi zitaweza kurejeshwa baadaye mezani. Sifa hizo mbili zina thamani kuliko kuzidisha megapikseli. Lakini wekundu uliokwisha kumezwa kabisa haurudishwi na mashine yoyote. Unaweza tu kuletwa upya kwa taa.

Hapo ndipo linapoingia tendo la tatu, ambalo ndilo gumu zaidi kwa pwani hii: tope. Kamera nyingi ndogo zina flashi iliyokaa karibu kabisa na lenzi. Katika maji yenye chembechembe mwanga wake huzipiga zile zilizo mbele ya kioo, nazo humrudishia mpigaji mng'ao wao moja kwa moja. Picha hujaa theluji ya madoa meupe, na nyuma yake samaki hafifu. Kuongeza nguvu ya taa hakusaidii, bali huzidisha madoa. Tiba yake ni kuisogeza taa mbali na jicho. Hutumika flashi ya nje iliyofungwa kwenye mkono mrefu, ikamulike kwa pembeni, na mpigaji akisogelee kitu chake mpaka maji kati yao yawe machache. Pasipo taa hiyo, ni heri kuizima flashi ya kamera na kutumia jua la mita tano za kwanza.

Je, tope hilo latoka wapi? Jibu la haraka limekuwa lilelile tangu zamani: kwa Waluguru. Milima yao, yenye vilele vinavyopita mita 2,600, hupokea mvua ya upepo wa bahari na kuirudisha baharini kwa njia ya Ruvu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza, ikiona mmomonyoko katika miteremko, ilileta Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Wakulima wakaamrishwa kuchimba matuta ya ngazi kwa kazi ya lazima. Waluguru walilalamika kwamba kazi ilikuwa nzito na kwamba, katika ardhi yao nyembamba, kuchimba hivyo kuliufukia udongo mzuri na kuuleta juu udongo mfu. Hawakusikilizwa. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kwa hasira, polisi wakafyatua risasi, na mtu akauawa. Matuta ya amri yakaachwa, na TANU, chama kilichokuwa na mwaka mmoja tu, kikapata wafuasi wengi mlimani.

Ukweli ni kwamba tope lilikuwapo na majembe yalilichangia. Lakini taa ya serikali ilikaa karibu mno na jicho lake. Ilimmulika mkulima aliye mbele, ikaacha gizani yaliyomzunguka. Juu ya konde lake palikuwa na msitu uliokwisha kuwekewa mpaka tangu enzi ya Wajerumani, na chini, bondeni, palikuwa na mashamba makubwa ya mkonge. Katikati ya mipaka hiyo watu waliongezeka, na mteremko mkali ndio uliobaki. Atazamaye picha yenye madoa hulaumu chembe zinazong'aa, na husahau kuuliza taa imewekwa wapi.

Miaka mingi baadaye taa ilisogezwa kidogo. Jiji la Dar es Salaam, linalokunywa Ruvu kwa mitambo ya Ruvu Juu ya mwaka 1959 na Ruvu Chini ya mwaka 1976, lilianza kuhesabu gharama ya kuchuja udongo. Katika muongo wa kwanza wa karne hii mashirika ya CARE na WWF yalianzisha huko Kibungo Juu mpango wa kuwalipa wakulima wanaohifadhi udongo, na shirika la maji la jiji, DAWASCO, likawa miongoni mwa walipaji. Matuta, yaliyokataliwa yalipokuja kwa amri, yalichimbwa yalipokuja na ujira na miti. Mpango huo ulikuwa mdogo, wala haukuusafisha mto mzima. Hata hivyo ulikiri jambo ambalo mwaka 1955 halikukiriwa: kwamba anywaye chini ana deni kwa alimaye juu. Mwaka 2008 misitu ya mlima nayo ikaunganishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Mnunuzi wa kamera anapata nini katika habari hizi? Anapata kalenda na ramani, ambazo ni bora kuliko orodha ya bei. Masika hushusha udongo, na mikoko ya mlango wa Ruvu huuzuia kiasi tu. Kusi huchafua maji kwa mawimbi, na kaskazi inapotulia, kabla ya masika, maji husafika. Wakati wa bamvua mikondo huwa na nguvu na hutibua mchanga, ilhali maji mafu humpa mgeni utulivu. Manahodha waliyajua haya kabla ya Boutan kuzaliwa. Mwenye kuzamia karibu na Bagamoyo au Dar es Salaam achague kamera inayoona vizuri kwa karibu sana, yenye kasha na nafasi ya kufunga flashi ya nje, naye atafute konokono, kaa na samaki wadogo wa matumbawe. Mwenye kuzamia Mnemba au Pemba, ambako kilindi huleta maji ya samawati safi, anaweza kutamani lenzi pana na mandhari ya mwamba mzima.

Na kijana wa Morogoro, asiye na bahari, hajanyimwa sanaa hii. Vijito vinavyoteremka Uluguru vina kina cha magoti. Kamera ndogo isiyopitisha maji, bila kasha wala mitungi, yatosha kupiga picha ya kaa wa mtoni na viluwiluwi chini ya mwamba, mradi aepuke maji yaliyotuama yenye kichocho. Huyo atakuwa anapiga picha ya bahari ikiwa bado changa.

Kwa fedha zilizo chache, basi, utaratibu ni huu. Kwanza ujuzi wa kuelea bila kugusa chini, kwa kuwa pezi moja likikoroga mchanga huharibu picha za wote na huvunja matumbawe. Pili kasha lililojaribiwa. Tatu kamera ya wastani inayotii mkono wa mwenyewe katika rangi na mwanga. Nne, kabla ya kuibadilisha kamera hiyo kwa nyingine ya tarakimu kubwa, mkono wa kushikia taa. Mkono huo ni vipande vichache vya bomba na viungo vyake, wala hautangazwi kwenye mabango. Lakini ndio utakaoamua kama picha itaonyesha samaki au vumbi la milima ya watu.