Risasi Ndani ya Tangi

Kiangazi cha 2021 yalitokea mambo mawili ndani ya wiki chache, na hapa Stockholm tulizungumzia moja tu. Tarehe 1 Agosti petroli ya kawaida ya okteni 95 ilianza kuchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10. Wenye magari mapya hawakujali. Wenye injini ndogo, yaani mota za boti, mashine za kukata nyasi, misumeno ya mnyororo na mopedi za zamani, walishauriwa watumie okteni 98 au petroli maalumu ya makopo, kwa sababu ethanoli huvuta maji na kulainisha mipira ya kabureta za zamani. Mjomba wangu ana boti ndogo yenye mota ya miaka ya themanini. Alinung'unika mwezi mzima. "Petroli ya zamani ndiyo iliyokuwa petroli," alisema. "Kule Mombasa tulitia super, na injini ilivuta."

Jambo la pili lilikuwa limetokea mwezi uliotangulia. Julai 2021 Algeria iliacha kuuza petroli yenye risasi, ikiwa nchi ya mwisho duniani kufanya hivyo. Tarehe 30 Agosti UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilitangaza habari hiyo na kukadiria kuwa kuondolewa kwa risasi kunazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Hiyo ndiyo petroli aliyokuwa akiisifu mjomba.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili kimelipokea "risasi" kutoka Kiarabu, na kinalitumia kwa madini na vilevile kwa kile kinachotoka kwenye bunduki. Kiswidi kina "bly" kwa madini, na hadi leo watu wazima hapa huita petroli "blyfri", isiyo na risasi, ingawa tangu wengi wetu tuzaliwe haijauzwa ya aina nyingine. Nilipomwambia mjomba kwamba super yake ilikuwa na risasi, alicheka akidhani nafanya mzaha wa bunduki.

Ilifikaje humo? Injini za petroli za mwanzo zilikuwa na ugonjwa wa kugonga: mafuta yaliwaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, injini ikatoa mlio kama wa nyundo na kupoteza nguvu. Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors mjini Dayton, Ohio, alijaribu vitu vingi kuuponya. Desemba 1921 aligundua kwamba tetraethili ya risasi, kwa kiasi cha chini ya sehemu moja katika elfu, inaunyamazisha mlio huo kabisa. Februari 1923 petroli hiyo ilianza kuuzwa mjini humo humo. Jina la biashara lilikuwa Ethyl; neno risasi halikuwekwa.

Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo geni. Midgley mwenyewe aliugua mwanzoni mwa 1923 na kwenda Florida kupumzika. Oktoba 1924, katika kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, wafanyakazi watano walikufa baada ya kurukwa na akili, na wenzao kwa makumi wakalazwa. Siku chache baadaye Midgley aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa dawa ile mbele yao na kuinusa kwa dakika nzima kuonyesha kwamba haina shida. Miji kadhaa iliipiga marufuku, na mwaka 1925 kukawa na mkutano mkubwa wa afya ambako daktari Alice Hamilton, mtaalamu wa sumu za viwandani, aliipinga waziwazi. Mwaka uliofuata ikarudi sokoni.

Linalonikera zaidi ni kwamba njia nyingine ilijulikana. Pombe kali, yaani ethanoli, nayo huzuia kugonga, na Midgley alilijua hilo vizuri. Lakini mtu yeyote mwenye shamba la mahindi anaweza kupika pombe, na hakuna anayeweza kuichukulia hataza peke yake. Hapa Sweden, kati ya vita viwili vya dunia, viwanda vya karatasi vilitoa spiriti kutokana na maji machafu ya mbao, nayo ikachanganywa kwenye petroli kwa kiasi cha robo. Iliitwa lättbentyl. Kwa hiyo mchanganyiko wa 2021 uliomuudhi mjomba ulikuwa na babu yake nchini humu humu.

Una pia binamu Kenya, na hili sikulijua mpaka nilipoanza kuandika makala haya. Mwaka 1982 kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kilianza kazi Muhoroni, katikati ya mashamba ya miwa ya Nyanza, kikitengeneza spiriti kutokana na molasi. Kwa miaka kadhaa spiriti hiyo ilichanganywa kwenye petroli kwa takriban asilimia 10, kiasi kilekile cha Sweden ya leo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mpango ulikwisha, kwa kuwa spiriti ilipata bei nzuri zaidi ikiuzwa kwingine. Risasi ikabaki.

Ilibaki kwa sababu ya bomba na kiwanda. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilifunguliwa mwaka 1963. Petroli yake ilitiwa risasi kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa njia rahisi ya kupandisha okteni bila kununua mitambo mipya. Mwaka 1978 bomba lilifika Nairobi, na 1994 likafika Eldoret na Kisumu. Kutoka hapo malori ya mafuta yaliendelea hadi Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Kwa hiyo Kampala ingetaka kuacha risasi peke yake, ingeshindwa: kilichotiwa Mombasa ndicho kilichonusiwa Bukavu.

Sweden ilikuwa imeshaondoka. Katikati ya miaka ya themanini kodi ilifanywa kuwa kubwa zaidi kwa petroli yenye risasi. Magari mapya ya mwaka 1989 yalilazimishwa kuwa na katalisti, kifaa cha kusafisha moshi ambacho risasi hukiua, na 1995 risasi ikapigwa marufuku. Japani iliiacha mapema zaidi. Sasa fikiria yale magari ya mitumba kutoka Japani yaliyojaa Nairobi na Dar es Salaam. Yaliteremka bandarini yakiwa na katalisti nzima, yakajazwa super, na kifaa kikafa.

Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar na kukubaliana kuacha risasi. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa Johannesburg, ukaundwa ushirikiano wa serikali, makampuni na UNEP wa kulisukuma jambo hilo. Kufikia Januari 2006 eneo lote lilikuwa limeacha. Miaka minne na nusu! Tukumbuke kwamba Marekani, iliyoanza kupunguza katika miaka ya sabini, ilimaliza 1996. Sijui kwa nini hatufundishwi hili kama ushindi wa Afrika.

Hofu kubwa ilikuwa ya mafundi, na haikuwa ya kijinga. Risasi, pamoja na sumu yake, ilipaka utando mwembamba kwenye viti vya vali na kuvilinda visilike. Injini kuukuu ikiendeshwa kwa mwendo mkali muda mrefu bila utando huo, viti huliwa. UNEP ilitoa ripoti nzima kuhusu suala hilo, ikionyesha kwamba kwa matumizi ya kawaida uharibifu ni nadra. Hapa Sweden wenye magari ya kale huuziwa vichupa vya kiongezi chenye potasiamu, ambacho hufanya kazi hiyo ya kulinda.

Hapo ndipo nilipompata mjomba. Mota yake ni ya mipigo miwili, zile unazochanganyia oili ndani ya petroli. Injini kama hiyo haina vali za namna hiyo kabisa. Hakuna viti vya kulinda. Risasi aliyoitia miaka yote Mombasa kwenye mota ya boti ya baba yake haikulinda vali yoyote. Ilipandisha okteni tu, ambayo mota ndogo yenye mgandamizo wa chini haikuihitaji sana, kisha ikachafua plagi.

Alikaa kimya kidogo. Halafu akaniuliza kuhusu yale makopo. Nikamweleza: ni petroli ya alkileti, ambayo karibu haina benzeni, na wakata miti wa Sweden ndio waliofanya ienee kuanzia miaka ya themanini, kwa sababu mtu anayeshika msumeno siku nzima huvuta moshi wake mwenyewe na kurudi nyumbani na kichwa kinachouma. Bei yake ni kubwa. Akaguna aliposikia bei, lakini akanunua lita tano.

Jioni, tukiwa tumekaa gatini, akaanza kunisimulia jinsi walivyokuwa wakihamisha petroli kutoka pipani kwenda kwenye tangi la boti. Walitumia mpira. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye aliyepewa kazi ya kufyonza kwa mdomo mpaka mafuta yaanze kushuka. "Nilikuwa mimi," alisema. "Ilikuwa na utamu kidogo, unajua?"