Shilingi Ishirini za Mlangoni

Wazee na wanachama, huulizwa mara nyingi katika mikutano yetu: matibabu ya Serikali yalikuwa bure lini, nayo yaliacha kuwa bure lini? Tumeona ni vema tueleze.

Mwaka 1965 Serikali ya Kenya huru iliondoa ada ya shilingi 5 waliyotozwa wagonjwa wa kutwa. Watu wakaongezeka na zahanati zikaongezeka; hazina haikuongezeka kwa kadiri hiyo. Basi Desemba 1989, wakopeshaji wa ng'ambo wakihimiza matumizi yapunguzwe, ada ilirudi: shilingi 20 hospitalini, 10 katika kituo cha afya. Fedha ndogo, atasema mwenye mshahara. Lakini katika zahanati moja ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi, hesabu ya wanaume waliofika kila mwezi ilishuka hata asilimia 40 ya ile ya kwanza, na ya wanawake asilimia 65. Maradhi yenyewe hayakupungua. Watu walikaa nayo nyumbani. Maskini aliruhusiwa kusamehewa, ila ilimpasa aujue msamaha huo, tena auombe mbele ya watu, jambo zito kwa mzee mwenye heshima zake.

Septemba 1990 ada ilisimamishwa, kisha tangu 1992 ikarejeshwa kidogo kidogo. Mwaka 2004 iliwekwa shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya. Juni 2013 ikafutwa katika ngazi hizo mbili. Hospitali kubwa hazikuguswa, isipokuwa kwa uzazi, na huko ndiko sanduku la chama chetu huitwa kulipa.