Cheti cha CPA: Kipatikanavyo nchini na thamani yake nje ya mipaka

Na Mwandishi Wetu, Lindi

KILWA, iliyofua sarafu zake yenyewe za shaba karne nyingi zilizopita, leo inahitaji wahasibu kwa ajili ya halmashauri, vyama vya ushirika vya korosho na ufuta, na shughuli za gesi ya Songosongo iliyoanza kuzalishwa mwaka 2004.

Hata hivyo, shahada ya uhasibu peke yake haimfanyi mtu kuwa mhasibu aliyeidhinishwa. Mamlaka hayo yako mikononi mwa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa Sheria Namba 33 ya mwaka 1972.

Mitihani ya CPA ina ngazi tatu: ya msingi, ya kati na ya mwisho. Mwenye shahada ya uhasibu inayotambuliwa huanzia ngazi ya kati. Aliyemaliza kidato cha nne huanza na mitihani ya mafundi hesabu. Kufaulu hakutoshi, mtahiniwa hutakiwa pia kuwa na uzoefu wa kazi wa miaka mitatu ndipo asajiliwe kwa hadhi kamili.

Kwa vijana wa Lindi, chuo cha karibu ni Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA), kampasi ya Mtwara, umbali wa zaidi ya kilometa 100 kusini mwa mji wa Lindi.

Nchini Kenya, majukumu yamegawanywa: KASNEB, iliyoanzishwa mwaka 1969, hutahini, nayo ICPAK ya mwaka 1978 husajili. Uganda ina ICPAU tangu mwaka 1992. Mwaka 2011 taasisi za uhasibu za Afrika Mashariki zilitia saini makubaliano ya kutambuana.

ACCA ya Uingereza, iliyoasisiwa mwaka 1904, hujulikana katika nchi nyingi. Marekani nayo ina mtihani mmoja, lakini leseni hutolewa na bodi ya kila jimbo.

Kanuni za kimataifa za hesabu zinafanana. Kodi na sheria hazifanani. Ndiyo maana mhasibu anayehama huweza kutakiwa kufanya mitihani ya sheria na kodi za nchi mwenyeji.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, mwanafunzi ajiulize kwanza atafanya kazi wapi. Anayetarajia kukagua na kusaini hesabu hapa nchini hana budi kusajiliwa na NBAA, hata akiwa na cheti cha ng'ambo.