Msitu Haukimbii, Lakini Udongo Unakimbia

Wasee wa baiskeli, leo tuongee ukweli. Kila mtu akitaja mashindano ya baiskeli msituni, watu hugawanyika mara mbili. Timu ya kwanza: pigeni hizo baiskeli marufuku. Timu ya pili: msitu ni wa umma, tutapita tunapotaka. Mimi nasema timu zote mbili zimeruka historia. Na si historia ya darasani, msijali, darasa na mimi tuliachana kitambo.

Tuanze pale mchezo ulipozaliwa. Tarehe 21 Oktoba 1976, kaunti ya Marin, California, vijana kadhaa walipandisha baiskeli kuukuu juu ya kilima karibu na mji wa Fairfax, kisha wakashindana kushuka. Usifikirie zile mashine za laki tatu unazoona siku hizi. Hizo zilikuwa vyuma vizito, binamu wa ile black mamba ya guka wako. Njia ilikuwa kama kilomita tatu na kitu, na mteremko wa karibu mita 400. Breki ya nyuma ilikuwa inashika moto hadi grisi inageuka moshi. Ukifika chini, lazima ufungue gurudumu upake grisi upya. Ndiyo maana mbio zikaitwa Repack, yaani pakia upya.

Wasee wachache, kilima kimoja. Nani angelalamika? Shida ilikuja mchezo ulipolipuka. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuuza baiskeli za mlimani, na baada ya miaka michache kila mtu alitaka yake. Watembeaji na wapanda farasi wakachoka kurukia vichakani. Mwaka 1984 idara ya misitu ya Marekani ikasema wazi: baiskeli haziingii kwenye maeneo ya nyika yanayolindwa na sheria ya 1964. Na huko Marin, nyumbani kwa mchezo wenyewe, askari wa mbuga wakaanza kungoja wapanda baiskeli na mashine za kupima spidi, kama trafiki wetu barabarani. Kikomo ni maili 15 kwa saa, yaani kama kilomita 24.

Hebu fikiria. Unavumbua mchezo, alafu unapewa faini kwenye kilima ulichouvumbulia. Lakini hapo ndipo wapanda baiskeli waliamka. Mwaka 1988 vyama vya California viliungana kuunda IMBA, shirika la kutetea njia za baiskeli. Badala ya kupiga kelele tu, wakashika jembe. Wakajifunza kuchonga njia inayofuata ubavu wa kilima, na kuelekeza maji ya mvua pembeni ili yasigeuze njia kuwa mtaro.

Je, ni kweli gurudumu linaharibu kuliko kiatu? Utafiti mmoja uliofanywa kwenye msitu wa Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2001, ulilinganisha watembeaji na baiskeli, hadi kupita mara 500 mahali pamoja. Madhara kwa mimea na udongo hayakutofautiana sana. Na baada ya mwaka mmoja wa kupumzika, mimea ilikuwa imerudi. Timu ya pili, msishangilie bado. Piga hesabu: mashindano ya watu 200, kila mtu mizunguko mitatu, hiyo ni mara 600 kwa asubuhi moja. Na ule msitu ulipewa mwaka mzima kupona. Wewe unataka kurudi wikendi ijayo.

Sasa turudi nyumbani, Karura. Msitu huu ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Miaka ya tisini ulikuwa mahali pa kuogopwa; ukisema unaenda Karura, mama anakuuliza kama una akili. Na juu hakuna mtu alikuwa anaingia, wanyakuzi waliingia. Vipande viligawiwa watu wenye majina makubwa. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai alienda kupanda mti, akapigwa kichwani na genge la walinzi. Baadaye mwaka huo huo, Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Sheria ya Misitu ya 2005 ikafungua mlango kwa jamii kushiriki kutunza misitu, na leo ndani ya Karura kuna familia, wakimbiaji, na njia zilizotengewa baiskeli.

Umeona somo? Msitu usio na watu hauna mashahidi. Ndio maana sikubaliani na timu ya marufuku. Kila kijana anayependa njia yake ya Jumamosi ni jicho moja zaidi dhidi ya mnyakuzi. Lakini msitu wenye watu wengi wasio na adabu nao hupungua, polepole, udongo ukishuka mtoni kila mvua.

Na inawezekana kufanya vizuri. Mlima Kenya kuna mbio za 10to4, jina limetokana na kushuka kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000. Pesa zinazopatikana zinaenda kwa Mount Kenya Trust, wanaohifadhi mlima huo. Mashindano yanalipa deni lake kwa msitu.

Kwa hivyo msee akikualika kwenye mbio za msituni, muulize maswali manne. Ziko mwezi gani? Kama ni Aprili na mvua ya masika, kaa nyumbani. Zinapita njia zilizopo, ama watu wamekata mpya? Idadi ya washiriki ina kikomo? Na ada yangu, shilingi ngapi inabaki msituni? Akishindwa kujibu, hayo si mashindano, ni biashara ya mtu na msitu ndio mtaji.

Pia sisi wa kamera tujichunge. Ukipata kijia cha panya, ukakiposti na ramani yake, wiki ijayo ni barabara.

Wangari alipigwa ili wewe upate mahali pa kuendesha. Shika breki kwenye kona, na siku ya kurekebisha njia, kuja na jembe.