Sakafu Iliyopanda Usiku

Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa imepamba moto, wanafizikia watatu, Eyring, Christensen na Raitt, waliokuwa katika manowari ya Marekani iitwayo Jasper nje ya pwani ya San Diego, wakitafiti jinsi mlio upigwao majini uwezavyo kufichua nyambizi za adui, walirejeshewa mwangwi uliowatatiza: ulitoka katika tabaka pana lililotanda kiasi cha mita 300 na zaidi chini ya maji, mahali ambapo bildi ingeendelea kuzama kitambo kirefu bila ya kugusa kitu. Wengine wakaliita sakafu ya uwongo.

Fumbo hilo lilifumbuliwa mwaka 1945 na Martin Johnson, mwanabiolojia wa taasisi ya Scripps, aliyelipima tabaka usiku na mchana akaona kwamba hupanda jua lituapo na kurejea vilindini alfajiri. Na kwa kuwa mwamba hauna desturi ya kuondoka mahali pake, alihukumu kuwa ni viumbe hai. Baadaye ilidhihirika kuwa ni umati wa uduvi, kopepoda na wanyama wengineo wadogo wa jamii ya zuplanktoni, pamoja na samaki wadogo wawafuatao kuwala, ambao vibofu vyao vya hewa hurudisha mlio kwa nguvu. Yafaa kukumbuka kwamba Cuvier wa Ufaransa alikwisha kuandika habari kama hizo mwaka 1817 juu ya viroboto-maji, walakini ni nadra wakubwa wa dunia kushughulishwa na safari za kiroboto pasipo vita kuwalazimisha.

Safari hiyo ya kila siku, ambayo kwa wingi wa wasafiri wake haina kifani duniani, asili yake ni njaa na hofu. Chakula chao, yaani mimea midogo mno ieleayo majini, huota juu tu ambako nuru ya jua hufika, na huko huko ndiko samaki wawindao kwa macho waonako vema. Basi mnyama hula usiku, na kukipambazuka hushuka mpaka kiza kimsitiri.

Lakini je, akishuka akakuta hapana kina? Mwaka 1965 John Isaacs na Richard Schwartzlose, wote wa Scripps, walieleza kwamba mikondo ya bahari huwachukua wanyama hawa usiku, wakiwa juu, ikawapitisha juu ya vilele vya milima iliyozama. Asubuhi wanapotaka kukimbilia chini, mwamba huwazuia, nao hubaki hadharani kweupe, mbele ya samaki wa miambani waliokaa kuwangojea. Ndiyo maana mahali kama hapo hulisha samaki wengi kuliko riziki ya maji yake yenyewe inavyoweza kuhimili.

Kwangu mimi, ushahidi ulio bora zaidi kwamba nuru ndiyo iendeshayo mambo haya watoka Norwei, kwenye hori mbili jirani, Masfjorden na Lurefjorden, ambazo kina cha kila moja hupita mita 400. Kizingiti cha mlangoni mwa ile ya kwanza kiko mita 75 chini ya maji, cha ya pili mita 20 tu, hata yale yaingiayo Lurefjorden ni maji ya pwani yaliyokoza, yanayomeza nuru upesi. Eiane na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba tofauti hiyo ya nuru yaweza kuamua nani atawale: Masfjorden imejaa samaki, ilhali Lurefjorden, ambamo macho hayafai sana, imeshikwa na yavuyavu aitwaye Periphylla, awindaye kwa kugusa. Naye pia hushuka mchana, wala si kwa kuogopa samaki, bali kwa sababu rangi nyekundu iliyokoza mwilini mwake, ikipigwa na nuru, hugeuka sumu ya kumdhuru mwenyewe.