Chi- ya Pwani ya Kusini

Katika pwani ya Kwale, nchini Kenya, kuanzia Gazi na Msambweni hadi Funzi, Shimoni na Mkwiro, ipo lahaja ya Kiswahili iitwayo Chichifundi, ambayo majina yake ya ngeli ya ki-vi huanza kwa chi- pale ambapo vitabu vya shule huandika ki-, kama vile chitu na chisima. Majirani wa wasemaji wake, Wadigo, ambao ni miongoni mwa Mijikenda, hufuata mkondo uleule, hata kichwa kikaitwa chitswa na lugha yenyewe ikajulikana kuwa Chidigo. Chanzo cha chi- hiyo ni cha kimatamshi: irabu i hutamkwa ulimi ukiwa umeinuka kuelekea kaakaa, hivyo k inayoitangulia huvutwa mbele ikawa ch, badiliko ambalo wanaisimu huliita ukaakaishaji.

Kiunguja, lahaja ya Unguja, nacho hakikusalimika na badiliko hilo, ila kililiwekea mipaka: chakula, chombo na chama ni ki- iliyokutana na irabu nyingine, na anayemcheka mtu wa Msambweni kwa kusema chisima hana budi kukumbuka kwamba yeye mwenyewe hupakia mizigo chomboni.

Kushindwa kwa chi- hakukutokana na udhaifu wa wasemaji wake, bali na lahaja zilizochaguliwa kuchapishwa vitabuni. Mmoja wa wamisionari wa Unguja, Edward Steere, alichapisha mwongozo wa lugha mnamo 1870 kwa misingi ya Kiunguja, na hata Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka London mwaka 1882, aliegemea zaidi usemi wa Mombasa. Kusini ya Likoni hapakuwa na mchapishaji wa kuitetea chi-. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa kwenyewe, wakakichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikapewa kazi ya kusawazisha vitabu vya shule. Tangu hapo, neno ambalo mtoto alilisikia kisimani likawa kosa la tahajia daftarini.

Mtafiti H. E. Lambert alipochapisha uchunguzi wake wa Chichifundi mwaka 1958, lahaja hiyo ilikuwa tayari imekuwa jambo la kuchunguzwa na wataalamu badala ya kuwa lugha ya kufundishia. Ramani za Kwale nazo zina majina ya mahali yaliyochanganyika, kwa kuwa Kinango, Kinondo na Kikoneni zimeandikwa kwa ki-, ilhali Chigombero, iliyoko upande wa Lunga Lunga, imebaki na umbo lake. Mwaka 2004 ilichapishwa Mgombato, kamusi ya Chidigo yenye tafsiri za Kiingereza na Kiswahili, nayo ikazipa chitu, chisima na chitswa nafasi ya vidahizo, yaani maneno yanayoongoza maelezo ya kamusi, huku Kiswahili Sanifu kikiwekwa pembeni kama fasiri.